Napima damu za watu zaidi ya mia kwa siku, sijui sura ya hata mmoja. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za leo. Naombeni mnisome mpaka mwisho, jambo hili limenikaba mwaka mzima.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, nina miaka 33. Nilianzia kituo cha afya kimoja Kasulu, nikakaa miaka 6. Tulikuwa wawili, darubini moja, umeme wa kubahatisha. Mgonjwa anaingia, tunasalimiana "mwakeye", namtoboa kidole, natengeneza slaidi na kuimwagia rangi ya Giemsa. Zile dakika 10 za kusubiri rangi ishike ananisimulia shamba lake la maharage, au mumewe aliyekwenda Uvinza kwenye chumvi. Nikiona vimelea vya malaria navihesabu mpaka nifikishe seli nyeupe 200, naandika, namkabidhi karatasi mkononi. Wiki inayofuata nakutana naye sokoni, mtoto mgongoni, anacheka. Nilikuwa nachoka, lakini nalala vizuri.

Sasa niko hospitali kubwa Dar. Mshahara umepanda, watoto wanasoma vizuri. Chupa zinapitishwa kidirishani, za kofia ya zambarau, za kofia nyekundu, zina stika ya mistari myeusi. Naziingiza kwenye mashine, namba zinatoka, zinakwenda kwenye kompyuta ya daktari. Chumbani tuko 5, kila mtu na mashine yake na spika zake masikioni. Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakumbuka kwamba sentensi ndefu kuliko zote niliyosema tangu saa 2 usiku ni "sampuli imeganda, leteni nyingine". Nikalia kwenye daladala. Konda akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikakosa la kumjibu.

Mume wangu anasema nimedekea kazi, wenzangu hawana hata hiyo. Nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi mkoani. Nitakuwa nakosea?

Muuguzi wa Zamu: Pole sana dada. Mimi niko upande wa pili wa hicho kidirisha, na ukweli ni kwamba na sisi hatuwajui. Tunachojua ni kulalamika "maabara wamechelewa". Hizo sampuli zinazoganda mara nyingi kosa ni letu. Chupa ya zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande, lakini damu ikishaingia lazima uigeuzegeuze taratibu mara 8 hadi 10 pale pale, na vijana wetu wapya wengine wanaiweka tu mezani. Kwetu mtu wa maabara alipanda wodini asubuhi moja akatuonyesha kwa mikono yake. Tangu siku hiyo sampuli za kurudia zimepungua, na yeye akipita tunamwita chai. Muombe mkuu wako nusu saa kwa wiki tu.

Kaka wa Buguruni: Usihamishe familia kwa ajili ya upweke wa kazini. Naendesha kreni, niko juu peke yangu zamu nzima. Watu wangu ni kwaya na timu yetu ya mtaa. Kazi inilishe, watu nitawatafuta nje.

Mwenye uzi: Nakushukuru kaka. Kwaya niliiacha kwa sababu ya zamu. Na saa nyingi za maisha yangu ziko mle ndani, siwezi kuzihesabu kama za kusubiria basi.

Mstaafu wa Reli: Binti yangu, nilikuwa TAZARA, stesheni ndogo kati ya Mlimba na Makambako, kule kwenye mahandaki. Treni haiondoki mpaka nimpigie mwenzangu wa stesheni ya mbele anihakikishie njia iko wazi. Usiku kucha ni mimi na sauti yake. Nilijua akiwa na mafua, nilijua mkewe amejifungua kabla ndugu zake hawajajua. Miaka 4 hatujawahi kuonana. Siku tulipokutana Mlimba msibani nilimtambua kwa kikohozi chake, tukashikana mikono hatuachiani.

Nasikia nanyi mnayo majibu ya hatari ambayo lazima mpige simu wodini. Taja jina lako, muulize na yeye jina lake. Kesho yake piga tena, uliza mgonjwa ameamkaje.

Wa Maabara, Mwanza: Mzee amesema vizuri, ila dada chunga siri ya mgonjwa. Pitia kwa muuguzi, na majibu usiyataje kwa ndugu. Halafu usikumbuke Kasulu nusu. Umesahau siku vitendanishi, zile dawa za kupimia, vimeisha na mama ametembea saa 3 nzima, unamrudisha? Mimi bado naziota zile nyuso.

Kabla ya kutuma barua, omba kutoka na timu ya Damu Salama, wale wanaokusanya damu ya kuchangia. Unamshika mkono mchangiaji, mnaongea mpaka mfuko ujae. Mwanaume anaweza kurudi baada ya miezi 3, mwanamke 4. Wapo wanaorudi wakiniita kwa jina.

Mwenye uzi: Nimerudi na mrejesho. Kuhusu vitendanishi, umenigusa. Nilikuwa nimesahau kweli, au nilitaka kusahau.

Alhamisi usiku sampuli ya mtoto ilisoma damu 3.4, yaani kidogo mno. Nikapima tena, ni ile ile. Nikapiga simu wodini, nikataja jina langu, muuguzi akanitajia lake. Damu ya kuongezewa ikapatikana. Ijumaa jioni nikapiga tena. Akasema, "Amekunywa uji. Njoo umwone."

Nikapanda. Kuhusu majibu sikusema chochote, nilisalimia tu kama mtu aliyekuja kuwaona wagonjwa. Mama akanisogezea nafasi ukingoni mwa kitanda, kisha akanipakatisha mtoto akasuuze kikombe. Mtoto akashika kamba ya kitambulisho changu na hakuiachia mpaka mama aliporudi.

Barua bado iko kwenye mkoba. Jumatatu natoka na timu ya damu, tunakwenda shule moja ya sekondari Mbagala. Muuguzi wa Zamu, mkuu wangu amekubali ile nusu saa. Nitakusumbua inboksi unieleze yule mwenzetu alianzaje, maana sijawahi kusimama mbele ya wauguzi nikafundisha.