Pesa ya kila mwezi kwa kila mtu: shida sio uvivu, ni tarehe

Wadau, kila mjadala wa serikali kupatia kila mtu pesa ya mwezi ukianza lazima mtu aseme "watu watalala tu". Mimi siko hapo. Hapa Kenya, Siaya na Bomet, wale GiveDirectly, shirika la misaada la kupatia watu pesa taslimu, walianza hii kitu 2016, kuna vijiji mtu mzima anapata kama shilingi 2,250 kwa mwezi kwa miaka 12, na watafiti walipoenda kuangalia hawakupata watu wamelala, walipata wengine wameacha vibarua wakafungua kabiashara kao, na wale wa kulipwa miaka 12 wameingia chama, merigoraundi ya kawaida tu, zamu yako ikifika unabeba kitu ya maana unanunua mabati. Waliweza juu walijua pesa inakuja. Chama haitaki mtu wa "ngojeni kidogo".

Sasa angalia ya serikali. Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 kwenda juu, tangu 2018, kwa karatasi ni 2,000 kila mwezi, lakini kila mtu anajua hukaa miezi ikakuja kwa mpigo. Kwetu kuna nyanya mmoja ana ukurasa wake mzima kwa daftari ya duka: sukari, mafuta taa, sukari, kiberiti, majani, sukari tena. Siku pesa ikiingia mwenye duka anajua kabla yake. Sasa hapo mtu atalalia nini?

Wale mnasema pesa ya kulipa kila mtu haiwezi kutosha, mko sawa, sibishi. Sensa ya 2019 tulikuwa milioni 47 na ushee, piga 2,000 mara 12 mara hao wote, ni zaidi ya trilioni moja kwa mwaka. Na mtu asinitolee Alaska, lile jimbo la Amerika, hapa, ni kweli wanagawa pesa ya mafuta tangu 1982, lakini hao ni watu laki saba na kitu na inakuja mara moja kwa mwaka.

Kwa hivyo mimi nasema tusianze na kila mtu. Walipe wazee tarehe moja, tuseme tano, mwaka mzima bila kuruka hata mwezi, ndio tuongee kushusha umri hadi 65.

Na wewe unayesema mzee ni jukumu la watoto wake, mwezi uliopita ulituma ngapi nyumbani?