Ibada ya nyumbani: wa miaka 4 anasinzia, wa 13 ananuna

MamaWatatu:
Bwana asifiwe wapendwa. Watoto watatu: miaka 4, 8 na 13. Ibada ni saa tatu usiku, nusu saa hivi: wimbo, sura moja ya Biblia, baba anaeleza, kisha kila mtu anaomba. Mdogo analala kabla ya "Amina", wa kati anarudia sala ile ile kila siku, mkubwa kila swali anajibu "sijui". Tukaze au tuache? Na mistari ya kukariri iwe mingapi kwa wiki?

mwalimu_wa_jumapili:
Msiache, punguzeni. Saa tatu usiku mtoto wa miaka 4 hana masikio tena. Fanyeni mara tu baada ya kula, kabla hamjainuka mezani. Wakishatawanyika, kuwakusanya upya kutakula muda kuliko ibada yenyewe. Dakika 10 zinatosha.

Sura nzima ni ndefu mno; someni tukio moja. Injili ya Marko inafaa kuanzia kwa sababu matukio yake ni mafupi. Yesu kutuliza dhoruba, 4:35-41, ni mistari 7 tu. Mpeni mdogo kazi kabla hamjaanza: kila akisikia "upepo" apige meza mara moja. Wa miaka 8 asimulie upya Biblia ikiwa imefungwa. Akiruka kitu, msimkatize, mwacheni amalize ndipo mrudie pale.

Na angalieni maneno. Hapo imeandikwa Yesu alikuwa "katika shetri, amelala juu ya mto". Mtoto anawaza mto wa maji! Semeni kabisa: nyuma ya chombo, kichwa kwenye mto wa kulalia. Maelezo ya baba yasizidi dakika mbili. Mengi ya hayo mahubiri ndiyo yanayomlaza mtoto.

Bibi Loisi:
Mwanangu, mstari mmoja kwa wiki unatosha. Zaburi ya 23 ina mistari 6, basi ni wiki sita, lakini kila wiki waanze tangu wa kwanza, la sivyo wakifika wa nne wa kwanza umeshapotea. Andika mstari kwenye karatasi kubwa, kila siku ziba maneno mawili matatu, hadi Jumamosi wanasoma karatasi tupu. Zawadi ya pipi iache, siku pipi zikiisha na mistari inaisha.

Kosa kubwa ni kumkaririsha mtoto "watiini wazazi wenu" siku aliyokosea. Neno linageuka fimbo. Tena wazazi wengi huishia Waefeso 6:3, ilhali mstari wa 4 unawaambia akina baba wasiwachokoze watoto. Karirini mistari yote minne, na baba naye aukariri wake.

Huyo wa sala moja usimkemee. Hata mmoja wa wanafunzi wa Yesu aliomba wafundishwe kusali, Luka 11:1. Mgawie: leo shukrani tupu, kesho toba, keshokutwa kumwombea mtu mmoja kwa jina. Wekeni daftari la safu mbili, ombi na tarehe upande mmoja, jibu upande wa pili, hata likiwa "bado" au "hapana". Mkiandika yaliyojibiwa tu, mtoto atagundua.

Kijana_Mlezi:
Nampinga mwalimu kidogo: dakika 10 zinamtosha mdogo, hazimtoshi wa 13. "Sijui" yake mara nyingi ni aibu ya kuhojiwa mbele ya wadogo zake. Mezani mpeni zamu ya kusoma tu, maswali yawe mkiwa wawili, mnaosha vyombo au mnatembea. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuwafundisha watoto uketipo, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo.

Akiuliza zito, mfano kwa nini Mungu aliruhusu fulani afe, usimjibu kwa mstari wa haraka. Sema "sijui vizuri, tulitafute hadi Jumapili", na Jumapili ukumbuke wewe kwanza. Ukisahau mara mbili hataleta la tatu. Wala msimsukume kwenye ubatizo au kipaimara kwa kuwa wenzake wamepita.

MamaWatatu:
Asanteni sana. Baba akisafiri je?

Bibi Loisi:
Unasoma wewe, muda ule ule, hata dakika 5. Mkiruka siku tatu msizifidie kwa kusoma sura tatu, endeleeni mlipoishia.