Nimemgundua Rory Gallagher: nianzie albamu gani, na je, niuze gitaa langu?

Mpiga Rizimu
Wakuu salaam. Napiga gitaa kwenye bendi ndogo hapa Mwanza, kazi zetu ni harusi na hoteli wikiendi. Rock kwangu ilikuwa Hendrix na Santana, basi. Wiki hii YouTube imenipeleka yenyewe kwa jamaa mmoja wa Ireland, nywele ndefu, shati la drafti, gitaa limebanduka rangi mpaka mbao inaonekana. Wimbo ni Walk on Hot Coals. Solo inakwenda, unadhani imeisha, anashusha sauti hadi karibu na kunong'ona, kisha anaipandisha tena. Sijalala vizuri tangu hapo.

Naomba ushauri. Albamu zake ni nyingi, nianzie ipi? Pili, kuna mtu anauza Stratocaster ya Japani iliyotumika, gitaa la umeme la aina ile ile anayopiga huyu jamaa. Nikiuza gitaa langu la Ibanez na pedali zote, hela inatosha. Nifanye hivyo? Na jamani, mtu kama huyu imekuwaje hatajwi kabisa?

Mzee wa Santuri
Karibu sana, umechelewa lakini umefika. Anza na Irish Tour '74, wala usihangaike na nyingine kwanza. Ilirekodiwa jukwaani Januari 1974, Belfast, Dublin na Cork. Belfast ya wakati ule ilikuwa ya mabomu na wanajeshi mitaani, bendi nyingi ziliikwepa. Yeye alikuwa anarudi. Sikiliza jinsi watu wanavyompokea utaelewa kwamba lile halikuwa onyesho la kawaida.

Ukifika A Million Miles Away, tulia. Huo wimbo ulitoka studio kwenye Tattoo mwaka 1973, nao ni mzuri, lakini huku jukwaani Lou Martin anamwekea kinanda cha chini chini na Gallagher anachukua muda wake wote. Baada ya hapo nenda Live in Europe ya 1972.

Dada Bluzi
Mzee wa Santuri, shikamoo, ila hapa sikubaliani nawe. Kwa mtu anayepiga rizimu, Deuce ya 1971 ndiyo mlango. Pale yuko na Gerry McAvoy kwenye bezi na Wilgar Campbell kwenye drams, basi, hakuna kinanda. Walirekodi kama wanapiga jukwaani. Hakuna wa kumfichia pengo, kwa hiyo mkono mmoja unabeba rizimu na solo kwa pamoja: anapiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja), anachomoa sentensi fupi juu yake, anarudi kwenye kodi kabla hujagundua kwamba aliondoka. Mtoa mada, kazi yako ya harusini inahitaji hilo kuliko solo ya dakika tano. Crest of a Wave uisikilize kwa hedifoni.

Kijana wa Iringa
Mkuu, shati la drafti mtumbani ni bei ya chai na maandazi. Anza na hilo kabla ya kuuza gitaa.

Fundi Ampli
Nimeona swali la gitaa, hebu tuongee kazi. Usiuze. Kifaa kinachokupa ugali hakiuzwi kwa sababu ya video.

Ile Stratocaster yake ni ya 1961. Aliinunua Cork mwaka 1963, akiwa na miaka 15, tayari imetumika, kwa pauni 100, tena kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Iliwahi kuibwa ikapatikana imetupwa nje, ikaendelea na kazi. Rangi imeliwa na jasho la miaka mingi ya majukwaa. Siku hizi viwanda vinauza magitaa mapya yaliyobanduliwa makusudi yafanane na lile, kwa bei ya kutisha. Mimi hainiingii akilini, lakini hela ni za watu.

Sauti unayoitafuta haiko kwenye mbao peke yake. Miaka ile alitumia ampli ya Vox AC30, na mbele yake kijisanduku cha Rangemaster kinachosukuma treble, yaani sauti kali za juu. Zaidi ya hapo ni mkono. Mtazame kidole chake kidogo cha mkono wa kulia: hakitulii, kinazungusha vitufe vya sauti na toni katikati ya noti. Pale unapodhani amekanyaga pedali ya wah, mara nyingi ni kitufe cha toni tu. Ibanez yako ina vitufe hivyo hivyo, nina hakika vimeganda kwenye kumi tangu uinunue. Punguza sauti ya gitaa hadi sita, ongeza ampli, uanzie hapo.

Mzee wa Santuri
Kuhusu kutotajwa, sehemu ni uamuzi wake mwenyewe. Singo, yaani wimbo mmoja mmoja wa kuuza, hakutaka kutoa, na redio za wakati ule bila singo hazikujui. Bendi yake ya kwanza kubwa, Taste, ilivunjika mwaka 1970, mwaka ule ule walioitikisa tamasha la Isle of Wight. Januari 1975, Rolling Stones, baada ya mpiga gitaa wao Mick Taylor kuondoka, walimwita Rotterdam akapiga nao siku chache, kisha akaondoka zake kwenda Japani kwa sababu ana ziara.

Dada Bluzi
Hatajwi huku kwetu. Ballyshannon alikozaliwa kuna sanamu yake, Cork kuna uwanja wa wazi mjini, siyo wa mpira, wenye jina lake. Mkongwe wa bluzi Muddy Waters alipokuja London kurekodi Desemba 1971 alikuwa naye studio. Amefariki Juni 1995 akiwa na miaka 47, baada ya kupandikizwa ini. Na lile gitaa la pauni 100 lilipigwa mnada London mwaka 2024, likafika karibu pauni 900,000. Sasa liko makumbusho ya taifa ya Ireland.

Mpiga Rizimu
Asanteni wote. Fundi, nimefanya ulivyosema, vitufe kweli vilikuwa kumi, na kimoja kinakwaruza. Ibanez inabaki. Deuce naimaliza leo, Irish Tour kesho. Swali la mwisho: ile slaidi, yaani kutelezesha bomba juu ya nyuzi, kwenye wimbo wa Cradle Rock naianzaje?

Fundi Ampli
Kinachokwaruza kipulizie dawa ya kusafishia kontakti, kisha kizungushe mara nyingi. Kwa slaidi, shusha nyuzi uwe na G ya wazi, yaani ukizipiga bila kubana zitoe kodi ya G: kuanzia uzi mnene, D G D G B D. Bomba la kioo au chuma livae kidole kidogo, usilikandamize, liguse tu uzi juu kabisa ya frati (kijiti cha chuma shingoni), siyo nyuma yake. Vidole vilivyobaki vilale nyuma ya bomba kuzima kelele. Na kama nyuzi zako ni za unene wa namba 9, ni nyembamba mno kwa kazi hiyo, weka namba 11 kwenye gitaa jingine la kuazima, hilo la harusi liache lilivyo.