Tupeane uzoefu: Just One na maneno yaliyowaumbua

Mtoa mada:
Wakuu, nimelikuta boksi la ule mchezo wa Just One kabatini nikakumbuka kimbembe chake. Mnaujua: mmoja anafumba macho, wengine wanaona neno kwenye kadi, kila mtu anaandika kidokezo chake, neno moja tu, kwenye kibao chake bila kuongea, vinavyofanana vinafutwa na vibao vyake vinalazwa, ndo anafumbua anabahatisha neno la kwenye kadi. Neno letu lilikuwa "nyuki". Kila mtu akajifanya mjanja, "asali wataandika wote, ngoja niandike kingine", mwisho wa siku hakuna hata mmoja aliyeandika asali! "Mwiba" ikatoka mara mbili ikafutwa, tukabaki na "malkia", "dansi" na "maua". Dada akajibu "harusi" kwa kujiamini kabisa, halafu akatununia sisi. Leteni yenu.

KalamuKavu:
Kwetu kinyume. Neno "simba", watu wote tumeandika "mfalme". Jamaa anafumbua macho anakuta vibao vyote vimelala, anauliza "enhe, nianze na kipi?"

Mpita njia:
😂😂 vibao kulala jamani, sisi kila tukicheza

Fundi Sheria:
Afadhali hapo mnapoteza kadi moja tu. Ukibahatisha ukakosea inaenda hiyo na nyingine ya juu ya rundo. Kwa hiyo usipojua, pasi.

KalamuKavu:
Acha uongo, ni moja tu.

Fundi Sheria:
Kasome karatasi ya ndani ya boksi ndugu. Kupasi moja, kukosea mbili, na ukikosea kadi ya mwisho mnarudisha moja mliyokwisha kushinda. Na "mwalimu" na "walimu" ni kidokezo kimoja, vinafutwa vyote. Najua mnapitisha.

Mdogo Mtu:
Ngoja niwape ya kwetu. Tuko familia nzima, tunacheza vizuri tu, kwenye zile kadi 13 za mchezo mzima tumepoteza moja tu kwa kupasi, kila mtu anaota 12. Zamu ya shemeji, mume wa dada, kafumba macho anatabasamu. Kadi inasema "deni". Naandika huku nacheka mwenyewe, nikijua mimi ndo peke yangu mwenye hilo wazo, tunageuziana vibao tufute vinavyofanana, nakuta jina la shemeji kwenye kibao changu, jina la shemeji kwenye kibao cha kaka, jina la shemeji kwenye kibao cha mama! Mama, ambaye hakuna aliyejua kuwa naye kamkopesha, kaandika kwa herufi kubwa na mshangao mbele. Tukaangaliana tu, dada macho kwenye dari, tukalaza vibao haraka haraka. Vikabaki "benki" na "usingizi". Shemeji kafumbua, kawaza weee, akasema "mlinzi". Hata mimi ningesema mlinzi. Tukamwambia umekosa, tuendelee, yeye hataki, "hivi vitatu mlifuta nini?" na mkono ushafika. Kainua cha kwanza. Kainua cha pili. Cha mama alikishika muda mrefu kidogo, akakirudisha taratibu, akaaga anakwenda kuangalia gari. Alikuja na pikipiki.

Mpita njia:
ALIKUJA NA PIKIPIKI 😭😭😭

Mama Wawili:
Mwanangu hiyo si mchezo, hicho ni kikao cha ukoo. Ushauri wangu msiandike majina ya watu kabisa.

KalamuKavu:
Mi naona majina ndo yenyewe, yanamsaidia mtu kupata haraka. Ila usiandike unachokiona kwanza, andika cha pili.

Fundi Sheria:
Wote mkiandika cha pili mtafanana kwenye cha pili. Mtoa mada kashawaeleza hapo juu na nyuki wake.

Mama Wawili:
Basi cha tatu. Na wasio na boksi msilie, kata karatasi, kila mtu achangie maneno kwenye kofia, muda wenyewe haupimwi. Ila chini ya watatu hamchezi.

KalamuKavu:
Mdogo Mtu, kadi mlihesabu mbili au moja?

Mpita njia:
wewe unauliza kadi?? tuambie alilipa

Mdogo Mtu:
Kamlipa mama tu. Mimi na kaka anatwambia vidokezo vikifanana vinafutwa, na sisi tulifanana.