Uzamili wa mazingira na maliasili: tupeane uzoefu wa utafiti

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari zenu. Nimepata nafasi ya uzamili wa usimamizi wa mazingira na maliasili. Orodha ya masomo ninayo, ila haisemi mtu anakutana na nini akiingia kwenye utafiti. Aliyemaliza, aliye katikati, hata aliyeishia njiani, karibuni mtueleze.

Mwanamsitu:
Nilitoka biolojia, nikaamini tasnifu yangu itakuwa ya miti tu. Wiki tatu nilishinda msituni napima vipenyo, kila mti kwenye urefu wa meta 1.3 kutoka ardhini. Upande mmoja wa msitu ulikuwa na miche tele, wa pili karibu hauna kitu. Nikahangaika na udongo, nikahangaika na mteremko, jibu sikuliona.

Mzee aliyekuwa akituonyesha njia ndiye aliyenifumbua macho. Kule kwenye miche, wanakijiji walikuwa wamekubaliana nani achanje kuni, siku zipi, na mvunjaji atozwe nini. Kule kwingine kila mtu alijichukulia. Nilitembea na mzee yule siku zote hizo bila kumuuliza chochote zaidi ya njia, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Msimamizi akanielekeza kwa Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009. Mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa ameandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa. Ostrom akaonyesha kwamba watumiaji wenyewe wanaweza kuitunza kwa kanuni zao. Ikanibidi niongeze mahojiano, na kwanza nisubiri kibali cha maadili cha kuhoji watu. Miezi minne ikaenda. Kiombe mapema ndugu yangu, hata kama unadhani unasoma miti.

Chemchemi:
Mimi yalinikuta kwenye picha za setilaiti. Za Landsat, setilaiti za Marekani zinazopiga picha za ardhi, zipo tangu 1972, na tangu 2008 ni bure, nikajua data ninayo. Za msimu wa mvua nyingi zilijaa mawingu. Nikachukua ya mvua kwa mwaka wa kwanza na ya kiangazi kwa mwaka wa mwisho, ramani ikatoka inaonyesha ardhi oevu imetoweka. Maji yalikuwa yamepungua kwa msimu tu! Linganisha miezi ileile. Halafu pikseli moja, yaani kidoa kimoja cha picha, kwa picha nyingi ni meta 30 kwa 30, kijito chembamba usikitafute humo.

Kijito:
Takwimu. Jifunze R, ile programu ya kuchambua takwimu, kabla hujaenda uwandani, usisubiri kurudi.

Mwanzisha mada:
Asanteni sana. Mwanamsitu, yule mzee ulimrudia?

Mwanamsitu:
Nilimrudia na ramani niliyokuwa nimeichora. Aliikalia kimya muda mrefu, kisha akanisahihisha mpaka wa msitu sehemu mbili. Ndio mpaka uliomo kwenye tasnifu.