Sushi na chakula cha Kijapani: twende Düsseldorf, ya kwenye mkanda, au tujitengenezee?

MtuWaTanga:
Wadau, salamu. Nipo Köln, Ujerumani, mwaka wa pili sasa. Mama anakuja kunitembelea, na mdogo wangu kamjaza maneno kuhusu sushi, ule wali wa siki na samaki, mara nyingi mbichi, basi anataka aionje. Mama hali nguruwe wala hagusi pombe, hata iliyopikiwa. Naona njia tatu: mgahawa wa kula mpaka ushibe karibu na kwangu (ule wa sahani kupita kwenye mkanda), kupanda treni hadi Düsseldorf, au ninunue samaki nitengeneze mwenyewe. Bajeti yuro 60, watu wawili. Mnanishaurije?

Mzee_wa_Rhein:
Pandeni treni, ni kama nusu saa tu. Düsseldorf Wajapani wanaishi, hawapiti. Kampuni zao zilianza kuja miaka ya 1950 kufuata chuma na mashine za eneo la Ruhr, na leo wapo maelfu, wana shule yao na hata hekalu la Kibuddha kule Niederkassel. Mpishi anayewapikia Wajapani wenzake akilipua kazi, kesho hana mteja.

Ukitoka stesheni kuu shika Immermannstraße kwa miguu. Watu wengi huishia hapo, wanapanga foleni ya rameni, zile tambi za mchuzi, na kurudi. Wewe kata uingie Klosterstraße. Kwa sushi mimi huenda Yabase. Nendeni mchana wa siku ya kazi, maana seti ya mchana bei yake ni ya kibinadamu. Usiku ni habari nyingine. Mtaa huohuo kuna Nagaya, yenye nyota ya Michelin, ile ya migahawa bora, lakini hapo yuro 60 zako zitakufikisha mlangoni.

Na jambo moja: sushi usiipime kwa samaki, ipime kwa wali. Uwe na uvuguvugu kama wa kiganja, punje zishikane lakini uzione moja moja, siki uisikie kwa mbali. Wali ukiwa umetoka kwenye friji, hata jodari awe wa namna gani, umeliwa.

DadaZai:
Mzee, shikamoo, lakini mkanda nautetea. Nina watoto watatu. Wakubwa wanakula, mdogo anatazama sahani zikizunguka, na mimi napata dakika 40 za amani. Siri ni saa ya kwenda: nenda mgahawa ukiwa umejaa, sahani hazikai. Nilishawahi kwenda saa kumi jioni mahali fulani, salmoni imejikunja kingo kama karatasi. Nilikula tango tu.

Mzee_wa_Rhein:
Marahaba. Kwa watoto sawa. Kwa mama mzazi aliyevuka bahari, hapana 😄

Fundi_Jiko:
Kwa njia ya tatu: usinunue samaki yeyote wa sokoni ukamkata mbichi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka samaki wa kuliwa mbichi agandishwe kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi, kuua minyoo. Salmoni wa kufugwa mara nyingi husamehewa. Kwa hiyo muulize muuzaji waziwazi kama anafaa kuliwa mbichi. Mchele mfupi, siki ya mchele na nori utavipata kwenye maduka ya Kijapani ya hapohapo Immermannstraße. (Nori ni mwani, ndiyo, ila si ule mama zetu wanaolima Paje.) Mara ya kwanza wali utakuharibikia. Usimwalike mgeni siku hiyo.

Mwana_Makunduchi:
Hapo kwenye nguruwe na pombe mnapita haraka mno. Tonkotsu, mchuzi wa rameni, ni wa mifupa ya nguruwe. Gyoza, zile kama sambusa ndogo, kwa kawaida zina nguruwe. Rameni ya kuku nayo inaweza kuletwa na kipande cha nguruwe juu. Mirin ni mvinyo mtamu wa mchele, unaingia kwenye sosi tamu ya teriyaki, kwenye sosi ya mkunga, na wengine wanautia hata kwenye wali wa sushi. Uliza kabla ya kuagiza, hawakasiriki. Mimi hukimbilia samaki wa kuchomwa kwa chumvi, seti yake na wali mweupe.

MtuWaTanga:
Mrejesho. Tulikwenda Düsseldorf, Jumatano mchana. Sushi mama alionja kipande kimoja, cha kamba aliyeiva, akasema wali una achari. Halafu akashika menyu: "Saba shioyaki. Hizi saba ni vipande au yuro?" Mhudumu akatuonyesha picha. Kumbe kwa Kijapani saba ni kibua, na shioyaki ni kuchomwa kwa chumvi! Niliuliza pombe kama alivyosema Mwana_Makunduchi, wakasema chumvi tu. Mama akala mpaka ngozi, akanyang'anya na wangu.

Usiku nikamsikia anaongea na mama mdogo kwenye simu: "Nimepanda ndege, nimepanda treni, nimekwenda kula kibua."