Miwani ya uhalisia pepe au simu ya video kwa wanafunzi wa ufundi?

Mwalimu wa Malindi
Assalaam aleikum. Ninafundisha useremala hapa Malindi, na wanafunzi wangu 6 hufuata kwa simu ya video masomo ya fundi wa jahazi aliyeko Matondoni, Lamu. Mfadhili ametupa hiari: miwani 2 ya uhalisia pepe, inayomzungushia mvaaji picha pande zote kana kwamba yupo mahali hapo, au bando la mwaka mzima. Kinachonisumbua ni kwamba pale taruma, yaani mbavu ya chombo, linapokutana na mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, kwenye kioo cha simu huonekana bapa, na wanafunzi hawaelewi. Naomba ushauri.

Fundi wa Matondoni
Waaleikum salaam, mwalimu. Chukua bando. Ninapomfundisha kijana kutia kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao, macho yangu hayatoki mkononi mwake, nione kama pamba yenye mafuta imegongwa ikazama ufani au imeachwa juu juu. Juzi nilimwona mmoja wa vijana wako ameilaza patasi mno, nikamsimamisha kabla hajaumiza ubao. Angekuwa amevaa miwani ningeona sanamu yake ya kompyuta tu, naye angeshika chuma chenye makali hali macho yamefunikwa.

Msomaji, Lamu mjini
Kuhusu macho, fundi, miwani ya siku hizi ina kamera zinazomwonyesha mvaaji mahali alipo. Uzito ndio unaonitia shaka, kwani miwani ya Meta Quest 3 ina gramu 515 na chaji yake hudumu muda wa saa 2 hivi; tena wapo wanaopata kichefuchefu, kwa kuwa macho huona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi. Hata hivyo haja ya mwalimu ni ya kweli: mtu anapogeuza shingo akaona taruma linavyopinda kufuata ubavu, hufahamu jambo ambalo simu ya video haimpi. Lipo kasha la kadibodi, ambalo Google iliutoa mfano wake mwaka 2014, linalotiwa simu janja ya kawaida likawa miwani. Picha ya nyuzi 360, yaani ya pande zote, hupakuliwa mara moja, kisha hutazamwa bila bando.

Mwalimu wa Malindi
Nashukuru sana. Nitachukua bando, na makasha tutayakata wenyewe karakanani. Fundi, chombo kilichoko bandani kimefikia wapi?

Fundi wa Matondoni
Mataruma yamesimama yote, sakafu bado. Ikishatandikwa mkuku hauonekani tena, kwa hiyo picha na ipigwe wiki hii.